Mwenye Saa ni Mwanafunzi

(Mazungumzo ya shangazi wa ukoo, mwalimu mstaafu, mbele ya mkusanyiko wetu wa London)



Kwanza naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Wengi wenu mnanijua kama shangazi; baadhi yenu mmenijua pia kama mwalimu wa hesabu, kazi niliyoifanya Unguja na kisha hapa Uingereza hadi nilipostaafu. Najua ya kuwa kila mkutano wa ukoo huwa na hotuba moja ya elimu, na kwamba hotuba hiyo aghalabu husema elimu ni bahari, kisha watu wakapiga makofi na kwenda kula pilau. Sina ugomvi na bahari wala na pilau. Leo lakini naomba nizungumzie jambo finyu zaidi, nalo ni saa. Saa za kusomea za kijana wetu ni za nani? Nani huzipanga, nani huzilinda, na nani huzila?

Nauliza kwa sababu. Ukoo huu una mfuko wa elimu, na kila mmoja wetu anaujua uzito wa kile anachotia humo. Vijana wengi wamesaidiwa, wamesoma, wamemaliza, nasi tunajivunia. Lakini wapo pia wachache walioingia chuo kikuu kwa vigelegele na kurudi nyumbani kimya kimya kabla mwaka wa kwanza haujakwisha. Sitawataja, na naomba asiwepo atakayewatafuta kwa macho humu ukumbini. Nimekaa nao, nikawasikiliza. Wote walikuwa na matokeo mazuri ya sekondari, na hakuna aliyeniambia kwamba masomo yalimshinda kwa ugumu. Mmoja alinieleza hivi: "Shangazi, asubuhi ilikuwa inafika, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nifanye nini." Nimelifikiri sana neno lile. Ninaamini kwamba ndani yake mna ugonjwa na mna dawa.

Tufanye hesabu, maana hiyo ndiyo kazi niliyoizoea. Shule za serikali hapa England hutarajiwa kuwa na wanafunzi kwa saa 32 na nusu kila wiki, mapumziko yakiwemo. Ndani ya saa hizo mtoto hana haja ya kujiuliza afanye nini. Kengele inalia, anahama chumba. Kengele inalia tena, anakwenda kula. Akirudi nyumbani anamkuta mama mlangoni, na baada ya mama yupo mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Tunampeleka kwa gari, tunamrudisha kwa gari, tunamwambia fungua kitabu, tunamwambia zima taa. Mtoto huyu anaweza kufika umri wa miaka 18 bila ya kupanga hata alasiri moja kwa akili yake mwenyewe.

Kisha anaingia chuo kikuu. Katika vyuo vikuu vya Uingereza mwaka mmoja wa shahada huhesabiwa kuwa ni krediti 120, na kila krediti hukadiriwa kuwa ni kazi ya saa 10. Jumla ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 30 za masomo unapata saa 40 kwa wiki, sawasawa na kazi ya mshahara. Lakini mwanafunzi wa historia au wa sheria anaweza kuwa na mihadhara na semina za saa 12 tu. Zile 28 zilizobaki hazina kengele wala mwalimu, na hazimo katika ratiba yoyote aliyokabidhiwa. Huko Marekani, kwa kanuni ya serikali yao, krediti moja ni saa moja darasani na zisizopungua saa mbili nje ya darasa, kila wiki, kwa muhula wa takriban wiki 15. Mwanafunzi aliyechukua krediti 15 anakaa mbele ya mwalimu saa 15, na anatarajiwa kusoma peke yake saa 30. Kwa maneno mengine, theluthi mbili ya elimu tunayoilipia imewekwa mikononi mwa mtu ambaye hatukuwahi kumkabidhi saa hata moja.

Hapo ndipo vijana wetu wanapoteleza. Wala si ajabu.

Sasa niseme neno juu ya urithi wetu, kwa kuwa hatukuja ughaibuni mikono mitupu. Wazee wetu wa mwambao walikuwa na ratiba ya kusoma, na ilikuwa ratiba nzuri. Ilifungwa kwenye jua na kwenye sala. Baada ya Alfajiri, mtoto alidurusu. Baada ya Magharibi, taa iliwashwa, watoto wakakaa mkekani na kusoma hadi Isha. Ratiba hiyo ilifanya kazi kwa sababu jua la Unguja na la Mombasa ni jua la ahadi: mwaka mzima huzama karibu na saa 12 na nusu jioni, na tofauti baina ya miezi haifiki saa moja. Ukimwambia mtoto wa Mombasa asome baada ya Magharibi, umempa saa ya kweli.

Hapa London jua halina ahadi hiyo. Mwezi wa Desemba huzama kabla ya saa 10 alasiri, mtoto akiwa ndio kwanza anavua viatu vya shule. Mwezi wa Juni, ambao ndio mwezi wa mitihani, huzama baada ya saa 3 usiku. Hata hivyo bado nasikia katika nyumba zetu amri ile ile: "Soma baada ya Magharibi." Kwa hiyo mtoto wa darasa la mitihani anaambiwa aanze kusoma saa ambayo mwili wake unataka kulala, tena asubuhi aamke kwa treni. Mwezi wa Ramadhani nao huzunguka mwaka mzima, ukitangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2018 uliingia katikati ya Mei na kupita katikati ya mitihani ya hapa. Ratiba ya mababu haikukosea, imehamishwa mahali. Sala inabaki kwa wakati wake, na saa ya kusoma inabidi ipangwe upya kila msimu. Hakuna awezaye kuipanga vizuri kuliko yule anayejua treni yake inafika saa ngapi, na ni somo lipi linalomchosha.

Lakini ndani ya urithi huo mna kitu kimoja ambacho hakitegemei jua, nacho nataka tukishike. Katika vyuo vyetu vya Qur'ani, mtoto hakupewa somo jipya mpaka amesomeshwa lile la jana, na alilihitimisha kwa kulisoma bila ya kutazama. Kidogo kila siku, kwa kurudia, na kwa kujaribiwa. Wataalamu wa saikolojia wamekuja kuthibitisha jambo hilo kwa vipimo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 yaliyofanywa kwa siku moja. Huo ni karibu nusu ya kazi iliyookolewa, bila ya kuongeza akili wala kununua kitabu, kwa kugawa wakati tu. Na mwaka 2006, Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi makala wasome. Waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Waliosoma, wakafunga, wakajaribu kuandika walichokumbuka, ndio waliokumbuka zaidi baada ya wiki moja. Mtihani, kama mjuavyo, hauji baada ya dakika tano.

Vijana wangu, sasa naomba msogee karibu, maana nina mambo manne ya kuwaambia, na yote mnaweza kuyaanza Jumatatu.

La kwanza: jijue una kiasi gani. Wiki ina saa 168. Toa saa 56 za kulala, 32 na nusu za shule, 10 za chuo cha Qur'ani kama unakwenda saa mbili kwa siku tano, 5 za safari, na 14 za kula, kuoga na kuswali. Unabakiwa na saa 50 na nusu. Ukijiwekea saa 12 za kusoma, bado una saa 38 na nusu za mpira, ndugu, marafiki na kukaa bure. Nakuonyesha hesabu hii ili uone kwamba anayesema hana wakati, mara nyingi ana wakati ambao hajaupa jina. Saa isiyo na jina huliwa na simu. Unapoketi kusoma, simu na ilale chumba kingine.

La pili: usiseme "nitasoma". Sema saa, mahali, na kazi yenyewe: "Jumanne, saa 11 jioni, meza ya jikoni, maswali sita ya aljebra." Mwaka 1997 wataalamu wawili, Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, waliwataka wanafunzi huko Ujerumani waandike ripoti fupi katika siku za mapumziko ya Krismasi. Wote walikusudia kuiandika. Walioandika kabisa ni saa ngapi na mahali gani wataifanya, takriban saba kati ya kila kumi waliikamilisha kwa wakati. Ambao hawakuandika, ni kama watatu kati ya kumi. Nia ilikuwa moja; aliyepata ni yule aliyeipa nia yake mahali pa kukaa.

La tatu: gawa, kisha jijaribu. Dakika 40 kwa siku tano zinashinda saa nne za usiku mmoja wa kukesha. Na kila unapomaliza, funga kitabu, chukua karatasi nyeupe, andika unachokumbuka. Utaona aibu mwanzoni, kwa sababu karatasi itabaki nyeupe sehemu kubwa. Aibu hiyo haina mtu anayeiona, na ndiyo inayokuonyesha pa kurudi. Kuipitia kurasa ile ile kwa kalamu ya rangi ya manjano kunaburudisha macho, na mtu akajiona amesoma.

La nne: ongeza nusu. Binadamu ni mbaya wa kukadiria kazi yake mwenyewe. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu ya mwisho watamaliza kwa siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34. Waliomaliza walitumia, kwa wastani, siku 55. Hawa walikuwa watu wazima, werevu. Basi ukidhani insha itakuchukua saa nne, iwekee sita. Zikibaki mbili, ni zawadi. Tena usisahau siku ya kupumzika. Chuoni tulipewa Ijumaa, na hakuna mwalimu aliyeogopa kwamba tutasahau Qur'ani kwa sababu ya Ijumaa.

Baada ya vijana, nawageukia wazazi.

Nilipolizungumza jambo hili na jamaa wachache kabla ya mkutano, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Ukimwachia mtoto saa, ataila." Nilimjibu, na nalijibu hapa kwa adabu ile ile: ndiyo, ataila. Swali ni aile akiwa na umri gani. Akiila akiwa na miaka 13, hasara yake ni alama za zoezi moja, na jioni yupo nyumbani, mnaweza kuzungumza. Akiila kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 19, katika mji mwingine, hasara ni mwaka mzima pamoja na ada yake. Kwa mwaka wa masomo 2025/26, kiwango cha juu cha ada hiyo kwa mwanafunzi wa hapa England kilikuwa pauni 9,535, bila ya kuhesabu chumba na chakula. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, tukidhani kumkunja ni kumwamrisha. Kumkabidhi kidogo kidogo nako ni kumkunja, tena ni kumkunja kunakodumu.

Nakusudia kukabidhi kwa daraja. Mtoto wa miaka 11 mpe alasiri moja ya wiki iwe yake kuipanga, na usiiguse. Akifika 13, mpe kazi zote za shule za wiki nzima. Wewe ulinde saa ya kulala tu. Akifika 16, mpe hata saa ya kulala. Kila Jumapili jioni kaeni pamoja kwa robo saa, na daftari lenye safu mbili. Safu ya kwanza iandikwe "Nilichokusudia", na ya pili "Nilichofanya". Mzazi asikaripie. Aulize swali moja tu: "Mbona safu hizi mbili hazikulingana, na wiki ijayo utabadilisha nini?" Mtoto atakayejaza daftari hilo kwa miaka mitano atafika chuo kikuu akiwa anajijua: anajua kwamba asubuhi ni mwepesi au mzito, anajua kwamba kemia humchukua mara mbili ya alivyodhani, anajua namna ya kuinuka baada ya wiki iliyoharibika. Elimu hiyo haimo katika mtihani wowote, na bila ya hiyo mitihani haipitiki.

Niongeze tahadhari. Si kila kijana aliyeacha kusoma amekosa ratiba. Wapo wanaolemewa na huzuni, au na maradhi, au na upweke wa mji wa ugenini, na daftari la safu mbili haliwezi kuwatibu. Kijana aliyekuwa akiamka na sasa haamki, anayekula na sasa hali, apelekwe kwa daktari, na kabla ya daktari akumbatiwe. Kumwita mvivu kunamfungia mlango wa kusema.

Sasa nafika mahali ambapo wengine watanikunjia uso, nami nimekubali. Nimeuliza mwanzoni nani huzila saa za vijana. Simu imetajwa, nayo ina makosa yake. Lakini mla saa mkubwa katika ukoo huu ni ukoo wenyewe.

Angalieni harusi zetu. Mitihani ya sekondari hapa Uingereza huanza Mei na kuendelea hadi Juni. Kule Kenya na Tanzania mitihani ya kidato cha nne huangukia Oktoba na Novemba. Sisi tunapanga harusi kwa kutazama ukumbi unapatikana lini na tikiti za ndege zina bei gani. Kisha msichana mwenye mtihani wa fizikia Jumatatu anahinikizwa kukesha kwenye singo na hina ya binamu yake Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na asipokuja ataambiwa amejitenga na watu.

Angalieni mawasiliano yetu. Maskati imeitangulia London kwa saa tatu wakati wa kiangazi na saa nne wakati wa baridi. Jamaa wa Maskati wakishakula, saa 2 usiku, ndipo wanapokumbuka watu wao wa ng'ambo. Hapa ni saa 10 alasiri au saa 11 jioni, mtoto ndio kwanza amefungua daftari. Anaitwa aje amsalimie bibi, na baada ya bibi kuna mjomba, na baada ya mjomba kuna mtoto mchanga wa kutazamwa. Kuwasalimia jamaa ni wajibu na ni baraka, na sitaki mtoto wetu hata mmoja akose sauti ya bibi yake. Nasema tu kwamba salamu nazo zinaweza kuwa na saa yake, kama sala zilivyo na saa zake. Tukikubaliana, kwa mfano, kwamba siku za shule watoto wa hapa watapatikana baada ya saa 1 usiku kwa saa za London, bibi atakuwa tayari amelala. Basi na iwe Jumamosi asubuhi, ambayo ni siku ya mapumziko Oman na Imarati pia, na hakuna mwenye haraka.

Na angalieni binti zetu. Hapa nasema kama mwanamke, na kama mwalimu aliyewaona wakisinzia darasani. Kaka akirudi shule anaambiwa, "Nenda kasome." Dada akirudi anaambiwa, "Nenda kasome, lakini kwanza osha vyombo, mtazame mdogo wako, na kuna wageni wanataka chai." Tuseme kazi hizo zinamchukua saa moja na nusu kwa siku, na mimi nimekadiria kwa hisani. Kwa wiki ni saa 10 na nusu. Kwa wiki 40 ni saa 420. Mmezikumbuka zile saa 1,200 za mwaka mzima wa chuo kikuu? Tunamtoza binti yetu zaidi ya theluthi ya mwaka wa chuo kikuu, kila mwaka, na nduguye hatozwi. Kisha tunashangaa akisoma usiku wa manane. Sisemi mtoto wa kike asijue jikoni. Nasema sinia la vyombo lina mikono miwili, na mikono ya mvulana haina kasoro.

Kuna mfano mmoja katika ukoo huu ambao napenda muujue, kwa kuwa unaonyesha jambo hili kutoka upande wa pili. Mke wa mpwa wangu mmoja ana watoto watatu, anafanya zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na anasomea shahada kwa masafa. Elimu ya namna hiyo imefungua milango kwa wengi: Chuo Kikuu Huria cha hapa Uingereza kilianzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Lakini ni elimu isiyo na kengele kabisa. Kozi ya krediti 60 ni saa 600, na zote mtu anazitoa katika maisha yake mwenyewe. Mwanamke huyu ameandika saa zake kwenye karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friji. Karatasi ina maneno matatu, "Mama yuko darasani", na chini yake siku na saa. Mumewe huzijua, watoto huzijua, hata mimi shangazi nikipiga simu wakati huo naambiwa na mtoto wa miaka saba kwamba nijaribu baadaye. Sikuudhika. Nilifurahi, kwa sababu mtoto huyo amekwisha kujifunza kwamba saa ya kusoma ni kitu ambacho mtu mzima anakilinda, na kwamba inalindwa hata mbele ya wakubwa.

Kwa kumalizia, Mheshimiwa Mwenyekiti, naleta mapendekezo manne, na naomba yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano huu yajadiliwe kesho.

Kwanza, Kamati iandike kalenda moja ya mitihani ya watoto wetu wote, wa hapa, wa Ghuba, wa Afrika Mashariki na wa Amerika, na familia yenye harusi iitazame kalenda hiyo kabla ya kulipia ukumbi. Pili, kila nyumba itangaze kwa jamaa saa zake za kusoma, nasi tuziheshimu kama tunavyoheshimu saa za kazi za baba. Tatu, mwanafunzi anayeomba msaada wa mfuko wetu aambatanishe na maombi yake mpango wa wiki moja ya masomo, alioupanga mwenyewe bila ya mzazi. Tusiutie alama, tuusome tu na tuzungumze naye. Nne, katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kila kijana apewe mkubwa mmoja wa ukoo, ambaye si mzazi wake, wa kumpigia simu kila Jumapili na kumwuliza habari za safu zile mbili. Kazi hii naitaka mimi kwa yeyote atakayekosa mtu, nami naahidi kutomwuliza amepata alama ngapi.

Vijana, wazee wetu walivuka bahari kwa kuzijua pepo: walingoja kaskazi kwenda upande mmoja, wakangoja kusi kurudi upande wa pili. Hawakuweza kuupanga upepo. Nyinyi mnacho kitu ambacho mnaweza kukipanga. Na sisi wakubwa tulio mbele, kazi yetu ni kukiachia kwenu kidogo kidogo, na kuondoa mikono yetu kabla hamjatuomba.

Pilau isipoe.

Wabillahi tawfiq.